Maswali ya Wasomaji: Tunataka kupita Wadi Bani Awf na pikipiki, ila mwenzangu ananiacha

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Mimi mtu wa Unguja, nipo Maskati mwaka wa nne sasa. Nina pikipiki ya cc 250, rafiki yangu ana ya cc 650. Tunataka tutokee Al Hamra, tushuke Wadi Bani Awf mpaka upande wa Rustaq halafu turudi kwa njia hiyo hiyo, siku moja. Yeye jangwani ameshazoea, mimi nimezoea lami na njia za shamba kule kwetu basi. Shida kila tukitoka ananiacha, nikimwambia anasema nikaze ndio nitajifunza. Na mke wangu hataki hata kusikia, anasema wadi zinaua watu. Niambie ukweli, niende au niache?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Nenda, lakini sio kwa mpango huo.

Tuanze na mkeo maana hajakosea hata kidogo. Wadi ni korongo, kama yale ya Dodoma yanayokatiza barabara, siku nyingi kavu mpaka unasahau kwamba ni mto. Sasa milima ya Hajar ni miamba mitupu, mvua ikinyesha juu kule haina udongo wa kuinywa, inateremka yote kwa pamoja kwenye ule mfereji mwembamba ambao nyinyi mko ndani yake, na juu ya vichwa vyenu mbingu inaweza kuwa nyeupe kabisa. Aprili 2024 mafuriko ya Omani yaliua watu wakiwemo watoto wa shule waliosombwa na maji wakiwa ndani ya gari. Gari hilo, sembuse pikipiki. Kwahiyo utabiri usiangalie wa Maskati, angalia wa milimani, asubuhi ile ile ya safari, na ukiona mawingu yanajikusanya upande wa mlima Jebel Shams ahirisha. Novemba mpaka Machi kuna ubaridi mzuri wa kuendesha lakini mvua zinaweza kuja pia, na kiangazi mbali na lile joto kuna mvua za radi za mchana kule juu, kwahiyo hakuna mwezi wa kujiachia. Mkikuta maji yanakwenda kwa kasi na rangi ya chai ya maziwa, msipite, kwanza hata sheria ya kule inakataza kuingia kwenye wadi iliyojaa.

La pili, geuzeni njia. Ukitokea Al Hamra unapanda mpaka Sharfat al Alamayn, pale juu kabisa ya njia, karibu mita 2,000, halafu unaanza kushuka kwenye changarawe, kona kali, upande mmoja ukuta upande mwingine hewa. Kushuka kwenye kokoto ndio kugumu kwa mtu wa lami kama wewe, mkono unakwenda wenyewe kwenye breki ya mbele na tairi linateleza. Anzieni Rustaq mpande. Ukipanda, uzito uko nyuma, tairi linashika, na ukishindwa ukasimama, umesimama. Mkifika juu teremkeni kwa lami ya Al Hamra mrudi Maskati kwa njia ya Nizwa, hiyo habari ya kurudia korongo lile lile siku moja achaneni nayo, jioni mikono inakuwa imechoka na giza humo ndani linaingia mapema.

Sasa mwenzako. Hapa ndio nataka unisikilize kweli. Mimi nilipokuwa nafanya kazi huko nilipita wadi moja na rafiki yangu wa miaka mingi, na siku ile mimi ndio nilikuwa mwenye uzoefu. Njia ikaninogea, nikakaza, nikajiambia atanikuta mbele. Nikasimama kwenye mitende, dakika kumi, ishirini, simjui alipo, simu hazishiki kabisa, nikageuza. Nikamkuta kwenye mawe yale ya mviringo ya mtoni, pikipiki imemlalia mguu na ekzosi inamuunguza, amepiga honi mpaka basi, na mimi na mlio wa injini yangu ningesikia wapi. Kovu analo mpaka leo na kila nikiliona roho inaniuma. Yeye hakuanguka kwa sababu ni mwanafunzi, watu wote wanaanguka kwenye mawe yale. Aliungua kwa sababu nilimwacha.

Kwahiyo wewe mbele, yeye nyuma. Mwendo ni wako. Akiona vumbi lako linamkera arudi nyuma kidogo, lakini kila kona na kila njia panda anayetangulia anasimama mpaka aone taa ya mwenzake, na yeyote kati yenu akisema tugeuze basi mnageuza, maneno baadaye nyumbani. Mwambie hivyo kabla hamjawasha pikipiki. Akikataa tafuta mtu mwingine wa kwenda naye, hata kama ni rafiki yako wa damu.

Kuendesha kwenyewe: punguza upepo wa tairi ukiacha lami, mimi nilikuwa nashuka mpaka psi 20 hivi, na pampu ubebe ya kurudishia. Simama kwenye vikanyagio, magoti yabane tangi, mikono legeza, macho tupa mbali sio kwenye jiwe lililo mbele ya tairi. Kwenye mawe ya mtoni usikate resi ghafla. Tyubu, viraka, maji lita tano kila mtu, mafuta jazeni kabla hamjaacha lami. Bilad Sayt, humo humo njiani, kijiji kizuri sana, pitieni, ila injini taratibu na maji ya falaji, ile mifereji ya kijiji, msiingize miguu, watu wanayatumia.

Na mkeo mwachie karatasi: mmeingia saa ngapi, upande gani, na saa ngapi mtakuwa mmeshatoka na simu inashika. Ikipita saa hiyo hajasikia kitu apige 9999, namba ya dharura ya Omani, asisubiri.