Kwa mwanangu uliyekabidhiwa kundi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, kisha nikaisoma tena nikiwa nimevaa miwani. Unasema tangu uwekwe kuwa mchungaji wa kanisa hilo, mlezi wako anakuonya usizoeleke. Mchungaji akizoeleka, anasema, neno lake halina uzito tena: washirika wakuone madhabahuni, wakiwa na shida waje ofisini kwa miadi, na nyumbani kwako wasiingie ovyo. Wewe kwa upande wako unaona vijana wachache wanakuzunguka kila ibada inapokwisha, na unaniuliza uwafungulie mlango au uwaweke mbali kidogo ili heshima ibaki.

Wafungulie. Si wote, na si milango yote, hilo nitalifikia. Lakini wafungulie.

Soma Marko 3:14. Yesu alipowaweka wale kumi na wawili, kabla ya kutajwa kuhubiri wala kutoa pepo, limetajwa jambo moja: "wapate kuwa pamoja naye." Ndipo awatume. Sisi tumeligeuza. Mtu anapewa cheo na kiti cha mbele kwanza, halafu siku akianguka tunashangaa kwamba hakuna aliyekuwa karibu naye kiasi cha kujua. Wale kumi na wawili walimwona Bwana amechoka hadi akalala chomboni mawimbi yakipiga. Walimwona akilia alipofika kwa ndugu zake Lazaro. Hata lile ombi lao, "Bwana, tufundishe sisi kusali", angalia lilitoka wapi: Luka anasema alikuwa mahali fulani akiomba, na alipokwisha ndipo mmoja wao akauliza. Hakuwa amewatangazia semina ya maombi. Aliomba wakimwona, mpaka wakatamani.

Paulo naye hivyo hivyo. "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo" ni neno asiloweza kulisema mtu anayeishi nyuma ya pazia, maana atafuatwa katika nini? Mfikirie Timotheo. Paulo alimkuta Listra, mji uleule ambao safari iliyotangulia walimpiga mawe na kumburuta nje wakidhani amekwisha kufa. Kijana wa Listra hakuhitaji kuhubiriwa kuhusu kuvumilia mateso. Aliyepigwa alikuwa amerudi na anatembea mbele yake. Miaka mingi baadaye, akiwa kifungoni, Paulo anamkumbusha alichojifunza kwake: mafundisho, mwenendo, makusudi, imani, uvumilivu, upendo, saburi, adha, mateso (2 Timotheo 3:10-11). Mafundisho ni moja tu katika orodha hiyo. Mengine yote ni ya kuonwa kwa macho, na hayaonekani kutoka safu ya kumi na tano.

Nikueleze nilivyofundwa mimi. Kulikuwa na mama mmoja, mzee wa kanisa, ambaye hukumkuta. Nilikuwa binti wa kwaya tu, sina jukumu lolote. Siku moja baada ya ibada akaniambia, "Twende." Hakusema wapi. Tulikwenda kwa mgonjwa. Alipokaribishwa kiti cha heshima akashukuru, kisha akakisogeza pale ambapo mgonjwa angemwona bila kugeuza shingo. Biblia ilibaki kwenye mkoba. Aliuliza, "Usiku umelalaje?" akangoja jibu, nalo lilikawia. Halafu akauliza, "Leo tukuombee nini?" Mgonjwa akasema usingizi. Basi akaomba usingizi, hakuchanganya na mengine, akasoma mistari michache ya zaburi, na alipoona macho yanaanza kuwa mazito akasimama tukaaga.

Njiani ndipo darasa lilipoanza. "Umeona nini?" Nikimjibu la juu juu alinyamaza, tukatembea, mpaka niseme la kweli. Ziara zilizofuata alinipa zaburi nisome mimi. Baadaye akanipa na maombi. Ikafika siku tuko mlangoni kwa mtu akasema yeye atasubiri nje.

Unaniandikia kwamba huna muda wa kulea watu mmoja mmoja, ratiba imejaa. Yule mama hakuongeza hata kikao kimoja kwenye ratiba yake kwa ajili yangu. Alinichukua mahali alipokuwa anakwenda kwa vyovyote. Ile ziara ya kesho, nenda na mtu. Ukiandaa mahubiri, mmoja wao akae mezani akuone unavyohangaika na andiko lisilofunguka, maana wengi wanadhani mahubiri hushuka Jumamosi usiku yakiwa yamekamilika. Sadaka zikihesabiwa, awepo aone kwamba hata mchungaji hazishiki peke yake. Kikao cha kupatanisha wanandoa, hapana. Hapo nenda na mkeo au mzee mmoja wa kanisa. Siri za watu si darasa.

Kama unadhani haya ni mambo ya vikundi vidogo tu, kumbuka habari za John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, watu wake walikuwa na deni la jengo lao. Mmoja akapendekeza kila mshirika atoe peni moja kwa wiki, na wagawanywe katika makundi ya watu kama kumi na wawili, kila kundi na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya. Lengo lilikuwa fedha. Lakini wale wakusanyaji walipoingia majumbani walianza kurudi na habari nyingine: huyu anagombana na mkewe, yule amerudia pombe. Wesley akatambua kwamba hicho ndicho alichokuwa akikikosa. Alikuwa akihubiria umati mkubwa uwanjani, na hakuwa na njia ya kujua nani anaishi vipi siku za kazi. Yale makundi ya kulipa deni yakawa mgongo wa Umethodisti wote. Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakuna aliyekaa akapanga mkakati wa uanafunzi. Mtu aligonga mlango, akafunguliwa, akaona.

Sasa hofu ya mlezi wako. Si mjinga, na usimjibu kama mjinga. Ameona wachungaji waliokuwa marafiki wa kila mtu na mwisho hawakuweza kumkemea yeyote. Ni kweli watu wakikukaribia wataona kasoro zako. Watakusikia ukijibu simu kwa ukali, watajua siku ambazo hukuomba. Ila Petro, ambaye kukana kwake Bwana kulijulikana na kanisa zima, ndiye anayewaandikia wazee wasijifanye mabwana "bali kwa kujifanya vielelezo kwa lile kundi". Angeweza kudai umbali kuliko yeyote kati yao, afiche ile habari ya jogoo. Hakudai.

Na kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyajifunza isipokuwa kwa kasoro ya kiongozi wake. Yule mama niliyekueleza aliwahi kumtupia mhazini neno baya. Kikao kilichofuata, kabla ya ajenda, alisimama. Hakusema "kama kuna mtu nimemkwaza". Alilitaja lile neno lenyewe, waliolisikia na wasiolisikia wote wakalisikia, akasema halikuwa kweli na aliliongea kwa hasira, akamwomba radhi mhazini kwa jina. Kisha akakaa, tukaendelea na ajenda ya kwanza. Tangu siku hiyo nimesikia mahubiri mengi juu ya toba, mazuri tu, lakini ninapotakiwa kuomba radhi ninasimama kama alivyosimama yeye. Sijasikia kwamba mhazini alimdharau.

Mpaka unaopaswa kuulinda ni mwingine kabisa. Ukaribu unaweza kugeuka utawala, na huo ni mbaya kuliko umbali. Katika miaka ya 1970 huko Marekani kulikuwa na vuguvugu la kulea waumini ambalo kila mtu alipewa "mchungaji" wake binafsi wa kumtii. Likaanza kwa nia njema, likafika mahali watu wanaomba kibali cha kuoa, kuhama, kubadili kazi. Familia ziliumia, na baadhi ya viongozi wake wakaja kuomba radhi hadharani. Kwa hiyo kijana akikuuliza, "Mchungaji, nimwoe nani?" mwombee, mwulize maswali, umrudishe kwa dhamiri yake na kwa wazazi wake. Paulo hakusema "mnifuate" akaweka nukta. Siku wewe usipomfuata Kristo, wanao ruhusa ya kusimama, tena uwaambie hivyo mapema, wakiwa bado wanakupenda.

Mabinti uwaachie akina mama waliokomaa. Waraka kwa Tito, sura ya pili, umelisema hilo wazi, na mlango wa ofisi uwe wazi pia. Mkeo umwulize kabla hujawakaribisha watu nyumbani, usimwarifu baadaye. Hayo sitayarefusha, unayajua.

Wapo watakaonung'unika kwamba una watu wako. Hata Bwana alikuwa na watatu aliowachukua kwa Yairo, mlimani na Gethsemane, na wale tisa waliliona. Kisha mama yao wana wa Zebedayo, wawili kati ya hao watatu, akaja kuwaombea wanawe viti, mmoja kuume na mmoja kushoto, na wale wengine wakakasirika. (Usimcheke. Mimi ni mama, namwelewa.) Jibu la Bwana halikuwa kuvunja ukaribu. Aliwaonyesha kwamba walio karibu naye wako karibu na kikombe chake, na atakaye kuwa wa kwanza awe mtumwa. Kwa hiyo wale wachache usiwape viti vya mbele wala siri za ofisi. Wape kufagia, kubeba wagonjwa, kubaki mwisho kufunga milango. Wanaotafuta jina watapungua wenyewe, nawe hutahitaji kumfukuza mtu.

Ukishawapata, usiwe na haraka ya kuhesabu matunda. Ireneo, aliyekuja kuwa askofu wa Lyon, alimsikiliza Polikarpo, askofu wa Smirna, yeye Ireneo akiwa bado kijana mdogo, na uzeeni aliandika kwamba anakumbuka mpaka mahali ambapo yule mzee alikuwa akikaa anapofundisha, alivyoingia na kutoka, sura yake, na jinsi alivyosimulia kuishi kwake na Yohana aliyemwona Bwana. Yohana kwa Polikarpo, Polikarpo kwa Ireneo. Wala usidhani Polikarpo alijua ni kijana yupi kati ya wale waliokuwa mbele yake aliyekuwa akiyashika hayo yote.

Nawe jiandae, mmoja atakuacha. Katika 2 Timotheo 4 mstari wa 10, Dema amemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu. Mstari wa 11, Paulo anaagiza aletewe Marko, maana anamfaa kwa utumishi. Ni Marko yule aliyewaacha njiani Pamfilia, hadi Paulo na Barnaba wakagombana juu yake wakatengana. Paulo hakumtaka tena. Barnaba akamchukua wakasafiri pamoja kwenda Kipro. Alivyomlea huko hatukuandikiwa, ila Marko aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka.

Ulimtaja yule kijana wa vyombo vya muziki, anayechelewa kila mazoezi na unataka kumwondoa kwenye timu. Kabla hujamwondoa, mchukue uende naye kwa yule mzee aliyevunjika nyonga. Mpitie mapema, kwa sababu atakuwa hajajiandaa. Mkirudi, mwulize ameona nini, nawe uninyamazie hapo kidogo, maana tangu utotoni hujui kungoja jibu.

Mlezi wako mpe salamu zangu, na mkeo pia.

Mama yako