Maswali ya Wasomaji: Sismomita kwenye barafu ya Europa

SWALI: Kwa nini wataalamu wanataka kupeleka sismomita (kifaa cha kupima mitetemo ya ardhi) Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, ilhali rada inapenya barafu? Na kifaa kimoja kitatosha?

JIBU: Rada hupenya vizuri barafu baridi iliyo safi. Ikikutana na barafu yenye chumvi au iliyokaribia kuyeyuka hufifia, na maji ya chumvi huizuia kabisa. Mawimbi ya tetemeko huvuka barafu, bahari iliyo chini yake na mwamba. Tena hakuna haja ya kubeba baruti ya kuzalisha mitetemo: Europa huzunguka Mshtarii kwa saa 85 hivi katika njia isiyo duara kamili, kwa hiyo mvutano huzidi na kupungua, na gamba la barafu linatarajiwa kupasuka lenyewe.

Kifaa kimoja chenye vihisio vitatu (wima, kaskazini na mashariki) kinatosha kuanzia. Katika barafu, mawimbi ya P (ya kusukuma na kuvuta, yanayofika kwanza) husafiri takriban kilomita 4 kwa sekunde na ya S (ya kutikisa pembeni) kilomita 2. Kila sekunde moja ya tofauti ya kufika kwao ni kilomita 4 za umbali. Upande yalikotoka husomwa kwa mwelekeo wa mtikisiko wa P. Kisha unasubiri mwangwi wa mawimbi ya P kutoka chini. Gamba la kilomita 20 huurudisha baada ya sekunde 10 hivi, na bahari ya kilomita 100 chini yake huongeza zaidi ya dakika mbili, maana sauti majini huenda kilomita 1.5 tu kwa sekunde.

Mwangwi ukimezwa na kelele, bado kuna njia. Mawimbi ya S hayapiti majini, hivyo hunaswa ndani ya gamba na kulitikisa kwa mdundo unaotegemea unene wake: sekunde 4 hivi kwa gamba la kilomita 5, sekunde 17 kwa la kilomita 20. Ndiyo maana jiofoni (vihisio vidogo vya mitetemo) za kawaida, zinazosikia vizuri kuanzia hezi 4.5, yaani mitikisiko 4.5 kwa sekunde, kwenda juu, zitanasa nyufa za jirani na kuukosa mdundo huo.

SWALI: Si ingetosha kuifunga sismomita juu ya chombo kilichotua?

JIBU: Ya Viking 2, chombo cha NASA, ilifungwa hivyo Mirihi mwaka 1976, ikarekodi zaidi upepo ukikitikisa chombo. Ya Viking 1 haikufunguka kufuli la safarini, ikawa mzigo tu. InSight, chombo cha NASA kilichotua Mirihi baadaye, iliteremsha yake ardhini kwa mkono wa roboti na kuifunika kwa kikinga upepo. Europa haina upepo wa kutajwa, lakini chombo chenyewe hupiga kelele: antena inageuka, vyuma vinajikunja vikipoa kuelekea nyuzi 160 chini ya sifuri. Miguu ya kifaa iguse barafu ngumu, si unga uliolegea, na kifaa kisawazishwe, la sivyo vihisio hugota pembeni.

SWALI: Kuna safari yoyote iliyopangwa?

JIBU: Europa Clipper, chombo cha NASA kilichorushwa 14 Oktoba 2024 kwenda kupita karibu na Europa, haitatua wala haina sismomita. Dragonfly ya NASA, chombo kinachoruka kwa rota (mapanga yanayozunguka) kama helikopta, ndiyo itakayobeba moja hadi Titan, mwezi wa Zohali. Imepangwa kurushwa 2028 na kufika 2034. Huko hewa ni nzito kuliko yetu, kwa hiyo suala la upepo linarudi, na rekodi yoyote ya maana itachukuliwa rota zikiwa zimezimwa.