Mashine inasoma 6 kila asubuhi, mbona miguu bado inachoma?

Mkuu, unasema mashine ya kupima sukari kidoleni inakusomea 6 (mmol/L) kila asubuhi lakini usiku nyayo zinawaka moto. Nimeishi na kisukari hapa Kisumu tangu 2013, na ujanja huo wa 6 naujua. Siku tatu kabla ya kliniki nilikuwa nakunywa chai ya rangi bila sukari, ugali kiganja kimoja, sukuma tele. Nesi anafurahi, mimi huyoo Kibuye kutafuta chapati.

Kilichoniumbua ni kipimo cha HbA1c: asilimia 10.4. Kijana wa maabara akaniambia chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, na sukari ikizidi inanata kwenye hemoglobini yake (protini inayobeba oksijeni) wala haibanduki. Kwa hiyo kipimo hicho kinakumbuka miezi miwili mitatu. Cha kidole kinajua ya leo tu.

Lililonikosesha usingizi ni hili. Chembe ina upana wa mikromita 7 au 8 (mikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu), na kuna vimishipa vya damu visivyofika hata 5. Ili ipenye lazima ijikunje. Sasa sukari ikinata hadi kwenye protini za utando wake, inakakamaa. Nikakumbuka chapati: ya moto unaikunja mara nne kiganjani, ya jana inapasuka mkunjo wa pili. (Nilienda kujaribu jikoni, mke wangu akanicheka.) Chembe ngumu zinapita kwa shida, na wanaoumia ni macho, figo na neva za miguu, maana zote zinalishwa na vimishipa hivyo. Sisemi ndiyo sababu pekee ya kuchoma. Sukari nyingi huumiza neva yenyewe pia.

Na sisi wa kanda ya ziwa tuna la ziada. Kama una selimundu (sickle cell), au malaria imekumaliza damu juzijuzi, mwambie daktari kabla ya kupimwa. Chembe zinazokufa mapema hazipati muda wa kukusanya sukari, HbA1c inashuka kwa uongo. Binamu yangu ana selimundu, alisomewa HbA1c ya asilimia 5.8 huku mashine ya kidole ya nyumbani ikipiga 13 baada ya kula.

Usitarajie wiki mbili. Chembe iliyokwisha kunatwa haisafishiki, unangoja ife izaliwe mpya. Mimi HbA1c yangu iko asilimia 7.1 sasa. Mguu wa kulia umetulia, wa kushoto bado unanisumbua nikilala. Kaombe HbA1c, halafu rudi hapa utuambie imesoma ngapi.