Kuitambua chipu isiyosomeka kwenye redio ya chombo

Kaka wa Malindi, umeuliza kuhusu redio ya VHF iliyotolewa mashuani: chipu moja ya pini 16 imefutika, na nyingine kubwa ina namba ambayo intaneti haiijui. Usikomee kwenye maandishi. Vitu vilivyounganishwa na chipu husema zaidi kuliko mgongo wake.

Kwanza osha. Huku Lamu kama huko kwenu, bodi ya chombo hujaa chumvi, na chumvi haiyeyuki vizuri kwenye spiriti. Anza na maji ya betri yasiyo na asidi na brashi laini, kisha spiriti ya kukaushia. Thina na asetoni weka mbali mpaka umalize kusoma, maana huondoa herufi za wino. Mulika tochi kwa ubavu, piga picha, ikuze. Herufi za leza hujitokeza ukipaka chaki na kuipangusa.

Tarakimu nne kama 8732 mara nyingi si jina, ni wiki ya 32 ya mwaka 1987. Jina aghalabu huja na herufi za kiwanda: SN ni Texas Instruments, MC ni Motorola, LA ni Sanyo. Wajapani nao hukata mwanzo wa jina. C1815 ya miguu mitatu ni transista 2SC1815, lakini C yenye miguu mingi na nembo ya NEC ni µPC, na D ni µPD. Tafuta tena kwa jina kamili.

Sasa hiyo ya pini 16. Zima umeme, weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye graundi. Ncha ya chipu yenye alama ya kikato ikiwa juu, pini 1 iko kushoto juu. Unahesabu ukishuka, kisha unapanda upande wa kulia. Angalia kama pini 15 inalia, 4 inakwenda kwenye laini ya umeme, 1 imeshika kristali ya 10.245 MHz na kapasita ndogo kuelekea 2, na kati ya 3 na 5 kuna filta ya 455 kHz. Yote yakikubali, hiyo ni jamii ya MC3357 au MC3361, chipu za kupokea mawimbi ya FM. Hesabu inaafiki: chipu hushusha masafa ya kati ya 10.7 MHz hadi 0.455 MHz, na 10.7 kutoa 0.455 ni 10.245. Sauti hutoka pini 9. Washa umeme, ipitishe kwenye kapasita ya 0.1 µF hadi amplifaya ndogo, usikilize mvumo.

Kabla ya kuweka mpya, pima pini 4. MC3361 haitaki zaidi ya volti 8. Kidhibiti volti kikifa na kupitisha 12 za betri, mpya nayo itaungua palepale. Lehemu soketi kwanza, ili ukiuziwa chipu iliyochapwa jina la uongo usivunje njia za shaba kwa kuing'oa mara ya pili.

Ile kubwa, ikiwa imeunganishwa na vitufe na skrini, ni prosesa yenye programu ya kiwanda ndani, na namba ile ni ya kiwanda chenyewe. Dukani huipati, ihamishe kutoka redio mbovu ya modeli ileile. Lakini usiihukumu upesi. Pima umeme wake, tazama volti ya pini ya riseti (ya kuianzisha upya) inapanda, kristali inatetema, kisha fuata kila njia ya shaba kwa mita hadi kwenye vitufe. Nyingi huwa nzima, njia ndiyo iliyoliwa na chumvi.