Jibu kwa mdau wa Pangani: namna ya kufuatilia historia ya magofu na mahame ya pwani

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: uanzie wapi kukusanya historia ya sehemu za kale za wilayani Pangani, utafanyaje maana wazee unaowajua wengi wameshatangulia mbele ya haki, na je unaweza kuchimba kidogo pale kwenye gofu la karibu na shamba lenu uone kuna nini. La tatu nakujibu kabla hujatafuta jembe. Usichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba bila kibali ni kosa hata kama shamba ni la babu yako. Na ukiacha sheria, kigae kikishatolewa ardhini bila mtu kuandika kilikuwa kina gani na kilikaa na nini jirani yake, hakimsaidii tena mtu yeyote, umepata pambo la kabatini basi.

Turudi la kwanza. Mimi si mwalimu wa historia, kazi inayonipa ugali ni nyingine kabisa, ila pwani hii ya Tanga mpaka Bagamoyo nimeitembea sana kwa ajili ya mambo haya na naona wengi tunakwama sehemu moja, tunakimbilia hadithi wakati hatujajua mahali penyewe palikuwa wapi. Unaambiwa hapa ndo palikuwa kwa jumbe fulani, unaandika, unaweka na picha ya mbuyu, kumbe jumbe alikaa huko ndani kabisa na jina ndo limehama. Na majina yamehama kweli. Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, hasa kati ya 1974 na 1976, iliwahamisha watu wengi sana wakaenda kujazana kando ya barabara, wengine walikwenda na jina la kijiji chao wengine wakapewa jina jipya, nyuma yakabaki mahame. Kwa hiyo unaweza kukaa na mzee wa miaka themanini kwenye kijiji chenye jina la kale na akawa hajui lolote la pale chini alipokaa, kwa sababu utoto wake ulikuwa kwingine. Swali la kwanza kwa mzee yeyote ni hilo, kabla ya Operesheni mlikuwa mnakaa wapi, na ukiweza mwombe akupeleke.

Mahame yenyewe siyo magumu kuyaona ukishazoea. Ukikuta miembe mikubwa mitatu minne imekaa karibu karibu katikati ya pori, minazi iliyozeeka mbali na shamba lolote, mkwaju, na ardhi yenye vipande vya vyungu juu juu, simama hapo, washa simu chukua lokesheni, piga picha pande zote nne, andika tarehe. Usiokote kitu. Kama kuna ukuta wa mawe ya matumbawe tafuta ukuta wa upande wa kaskazini, maana kutoka kwetu huku Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, sasa ukikuta kidaka (mihrabu) kilichoingia ndani kwenye ukuta huo wa kaskazini una kila sababu ya kudhani ulikuwa msikiti, siyo "ngome ya Mreno" kama kila mtu anavyopenda kuita. Sijui kwa nini sisi watu wa pwani tunampenda Mreno hivi, kila jiwe lililosimama ni la kwake.

Ukishajua mahali ndo uende kwenye ramani. Kuna ile ya Wajerumani ya 1:300,000 iliyochorwa na kina Paul Sprigade na Max Moisel, utaikuta mtandaoni ikiwa imeskaniwa, inaonyesha vijiji, njia za misafara na mito kama walivyoikuta wao. Tahajia yao ukae nayo kwanza, wanaandika Moschi na Aruscha, wanaandika Udjidji, kwa hiyo ukitafuta jina kwa herufi zetu utaambiwa hakuna. Na sehemu nyingine walizibatiza upya kabisa, Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, Kasanga ya Ziwa Tanganyika ilikuwa Bismarckburg, Liuli ya Ziwa Nyasa ilikuwa Sphinxhafen. Hata Dar barabara ya Samora imeshakuwa Unter den Akazien, ikawa Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue, mtu asiyejua hilo atasoma magazeti ya zama nne na kudhani ni barabara nne. Kwa upande wenu angalieni jina la Mtangata, ndiko yaliko magofu ya Tongoni, na ni eneo hilo hilo ambako watu wa Vasco da Gama waliichoma moto meli yao São Rafael Januari 1499 kwa kuwa mabaharia walikuwa wamepungua hawatoshi kuendesha meli zote. Ukitafuta "Tongoni" tu kwenye maandishi ya Wareno hutoki na kitu. Baada ya hapo tafuta ramani za 1:50,000 za serikali, toleo la zamani la kabla ya Operesheni kama utalipata, uilaze pembeni ya Google Earth. Hapo unaona kijiji kilipokuwa na kilipo leo, na utata mwingi unaisha palepale.

Nyaraka sasa. Upanga pale Dar iko ofisi ya Nyaraka za Taifa, wana mafaili ya Mjerumani na ya Mwingereza, na kitu cha kuomba mapema ni vile vitabu vya wilaya ambavyo madisii (wakuu wa wilaya) wa Kiingereza walikuwa wanaandika na kuachiana. Ukikifungua unaona kabisa mikono tofauti, ukurasa mmoja umepigwa taipu, unaofuata wino umepauka, chini kuna herufi za jina la afisa na mwaka, pembeni aliyemfuata kakata mstari kaandika kwamba habari hii si kweli. Mimi hizo za pembeni ndo nazipenda kuliko maandishi yenyewe. Lakini soma ukijua viliandikwa lini na kwa nini. Gavana Donald Cameron alipoingia 1925 alileta utawala wa kupitia machifu, madisii wakatumwa kutafuta nani chifu halali na ukoo wake umetokea wapi, sasa fikiria mwenyewe wazee wa wakati ule walivyojipanga, kila ukoo ukaja na nasaba inayoanza mbali kuliko ya jirani. Ile nasaba ni ushahidi mzuri sana wa siasa za miaka ya ishirini, ila kama ushahidi wa karne ya 17 uipokee kwa mkono wa kushoto.

Wamisionari nao usiwaruke hata kama wewe Muislamu. Waanglikana walikuwa Magila kule Muheza, Mapadri wa Roho Mtakatifu wako Bagamoyo tangu 1868, na vitabu vyao vya ubatizo vinaandika mtu katoka kijiji gani. Gazeti la Mambo Leo lililoanza 1923 lina barua za wasomaji wa kila wilaya, ni Kiswahili chetu, na kuna watu walikuwa wanagombana humo kuhusu asili ya miji yao kama tunavyogombana leo. Picha za enzi ya Mjerumani zipo nyingi wazi mtandaoni, Chuo Kikuu cha Frankfurt wameweka mkusanyiko mkubwa, ila maelezo ya chini ya picha usiyaamini haraka, linganisha na paa, miti na mstari wa pwani.

Makaburi. Hapa watu wa Pangani mna bahati. Maandishi ya jiwe la kaburi piga picha asubuhi mapema au jioni jua likiwa limelala, kivuli ndo kinatoa herufi, usipake chaki, usisugue na brashi ya chuma, usimwage maji ya chokaa. Mwaka ukiwa wa Hijria usijumlishe 622 ukadhani umemaliza, mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko huu wetu kwa kama siku 11. Kuna jiwe nililipiga picha limeandikwa 1306. Kwa kujumlisha tu unapata 1928, unamweka marehemu zama za Mwingereza. Zidisha kwa 0.97 kwanza ndo ujumlishe 622, unaangukia 1888 kwenda 1889, na ukiangalia kalenda yenyewe mwaka huo ulianza Septemba 1888 ukaisha Agosti 1889. Yaani mtu yule kafariki vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani ikiwa inawaka, vita iliyoanzia hapo hapo Pangani na ikaishia kwa Abushiri kunyongwa hapo hapo tarehe 15 Desemba 1889. Jiwe halisemi kafa vitani na wewe usiandike hivyo, lakini sasa unajua mji ulikuwa kwenye hali gani siku anazikwa.

Hilo la tarehe litakusaidia pia kwa majengo. Pwani yote kila jengo la mawe lenye chumba cha giza utaambiwa walifungiwa watumwa. Wapo waliofungiwa kweli, biashara ile ilikuwepo na iliumiza, lakini uliza jengo limejengwa lini. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873 baada ya mkataba wa Sultan Barghash, magendo yakaendelea, na utumwa wenyewe Tanganyika ulifutwa kisheria 1922. Jengo la Mjerumani la miaka ya 1890 likiambiwa lilikuwa ghala la kusafirishia watumwa, dai ushahidi wa maandishi.

Wazee. Kwanza nenda na barua, ishuke wilayani mpaka kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, mwenyekiti akutambulishe. Siyo urasimu wa bure, mtu mgeni anayepiga picha magofu anadhaniwa mambo mawili, ama kaja kupima ardhi iuzwe ama anatafuta mali ya Mjerumani. Hili la mali ya Mjerumani limeharibu sehemu nyingi mno, watu wanafukua makaburi usiku wakitafuta dhahabu na mwisho wanaambulia heller mbili tatu, zile sarafu ndogo za Mjerumani. Ukionekana na kile kifaa cha kupiga mlio kwenye chuma umekwisha, hakuna atakayekwambia kitu.

Halafu usiulize "historia ya hapa ni nini". Ukiuliza hivyo barazani mbele ya wanaume kumi utapewa ile hotuba ya Washirazi ndugu saba na kila mtu ataitikia. Uliza vitu vya kila siku. Kuna bibi mmoja kusini mwa mto Pangani, nimeshika mkono shikamoo, nikamuuliza hapa zamani palikuwa na nini, akasema "pori tu mwanangu." Nikaacha. Baadaye tunakula muhogo nikamuuliza, bibi mkiwa wadogo maji mlikuwa mnachota wapi? "Sie tulikuwa twachota kile cha chini, cha juu kilikuwa cha watu wa nyumba ya mawe, ukionekana pale wapigwa." Nyumba ipi ya mawe bibi? Akainuka mwenyewe, kanga begani, tukaenda, msingi upo umefunikwa na michongoma na kisima kipo kimefukiwa nusu. Hakuna mwanaume hata mmoja wa kile kijiji aliyekuwa amenitajia. Kwa hiyo unaposema wazee wameisha, nina wasiwasi unahesabu wazee wa kiume. Kina bibi ndio wanaojua visima, kuni, nani kazikwa wapi na mizimu gani inafukiziwa ubani mpaka leo, na ukikuta kitambaa au sahani ya ubani kwenye gofu jua hapo ni mahali pa ibada ya watu, omba ruhusa kabla ya picha, ukinyimwa basi.

Na simulizi zikipingana andika zote mbili na nani kasema na lini. Kilwa yenyewe tarikhi yake ipo kwa namna mbili, ya Kireno aliyoiweka mwandishi João de Barros 1552 na ya Kiarabu ambayo nakala yake Sultan Barghash alimpa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, 1877, na orodha za masultani hazilingani. Mwanaakiolojia Neville Chittick akachimba miaka ya sitini, kwa sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, sultani anayetajwa kuwa mwanzilishi, akaweka mwanzo wa Washirazi karibu 1200, kisha 1984 likaibuka rundo la sarafu zaidi ya 2,000 Mtambwe Mkuu Pemba, jina hilo hilo limo, wanaakiolojia wengine wakamrudisha nyuma mpaka karne ya 11. Mwaka 2023 ikaja DNA ya mifupa ya makaburi ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo, ikaonyesha mchanganyiko wa Waafrika, hasa kwa upande wa kina mama, na wanaume waliotoka Uajemi, yaani zile hadithi za wazee walizozicheka maprofesa miaka yote hazikuwa za kutupa zote. Kwa hiyo gofu lenu hilo usiliandikie karne leo. Andika liko wapi, ukuta una urefu gani, nani kakwambia nini.

Ukikuta jina kwenye ramani ya zamani na hulioni popote leo, litupie hapa pamoja na namba ya karatasi ya ramani. Za upande wa Pangani na Muheza nyingi nina kopi, nitakuangalizia wikiendi.