Giaboksi Ikishashuka, Nibadilishe Nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Naweka giaboksi nyingine. Nibadilishe pleti ya klachi peke yake?
Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na hiyo umeshailipia. Weka pleti, presha pleti (ile inayoibana pleti) na beringi ya klachi (ile inayosukuma ukikanyaga pedali), zote mpya. Beringi usiisamehe! Niliwahi kumrudishia mteja ile kuukuu. Miezi miwili ikaanza kulia, tukashusha upya. Iliniuma sana.

Pleti ijaribu kwanza kwenye shafti ya giaboksi unayoweka, meno yalingane. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini linalobanwa na pleti, ikiwa na nyufa, badilisha. Sili ya nyuma ya injini ikivuja, itoe uweke mpya. Oili ikifika kwenye pleti, klachi itateleza. Na kwenye mteremko wa feri, usilizuie gari kwa klachi. Vuta handibreki.