Kwa mnaoanza kusoma takwimu za warushaji wa zamani wa besiboli

Wengi mkishaanza kuipenda besiboli ya Marekani mnakimbilia orodha ya ushindi wa muda wote (mechi ambazo timu ilishinda na ushindi ukaandikwa kwa jina la mrushaji), mnakuta Cy Young ana 511 halafu swali linakuja, mbona wa siku hizi wengi hata 200 hawafiki, wavivu au vipi? Tulieni kwanza. Yule mzee alicheza 1890 mpaka 1911, enzi ambayo mrushaji akianza mechi alitegemewa aimalize mwenyewe, na yeye alimaliza 749. Leo mtu akirusha iningi sita safi (iningi ni kipindi, mechi ina tisa) kocha anamtoa, kashukuru Mungu. Na mkikuta namba za kabla ya 1893 ndo muwe makini zaidi, maana umbali wa futi 60 na inchi 6 kati ya mrushaji na anapopigia mpigaji, tunaoujua sasa, ulianza mwaka huo.

Ushauri wangu, ushindi na kushindwa visome mwisho. Nolan Ryan mwaka 1987 pale Houston Astros alikuwa na ERA (wastani wa rani, yaani alama, anazofungwa mrushaji kwa iningi tisa, ndogo ndo bora) ya 2.76, bora National League nzima (moja ya ligi mbili kubwa), straikauti 270 (wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu), nazo pia hakuna aliyemfikia kwenye ligi hiyo, halafu rekodi yake ni ushindi 8, kushindwa 16! Wenzake walikuwa hawamfungii rani, afanyeje sasa. Ila kuna Steve Carlton 1972, Philadelphia Phillies walishinda mechi 59 tu msimu mzima na 27 kati ya hizo ni zake, hapo sawa, mpeni heshima yake.

Sasa tuje kwenye ERA. Chukua rani halali alizofungwa (zile zisizotokana na makosa ya wenzake uwanjani), zidisha kwa 9, gawa kwa iningi alizorusha, basi. Bob Gibson wa St. Louis Cardinals mwaka 1968 alifungwa 38 kwenye iningi 304.2, ukipiga hesabu inakuja 1.12. (Hiyo .2 siyo desimali jamani, ni theluthi mbili za iningi, yaani alishatoa wapigaji wawili kati ya watatu, jambo hili linawachanganya wageni kwenye majedwali kila siku.) Pedro Martínez wa Boston Red Sox mwaka 2000 alifungwa 42 kwenye iningi 217, inakuja 1.74. Mgeni anaamua hapohapo kwamba Gibson ni zaidi, kesi imeisha.

Bado haijaisha. Angalia aliyeshika nafasi ya pili kwenye ligi ileile mwaka uleule, mi ndo kitu cha kwanza naangalia hata kabla ya fomula yoyote. Nyuma ya Gibson yupo Bobby Bolin na 1.99, na mwaka ule ligi zote mbili zilikuwa na warushaji saba wenye chini ya 2.00, wapigaji walikuwa wamekabwa kiasi kwamba Carl Yastrzemski alichukua ubingwa wa kupiga American League, ile ligi nyingine, kwa wastani wa .301 tu (kama mapigo 3 kwa kila nafasi 10), mpaka wakubwa wakaamua 1969 kilima anachosimama mrushaji kishushwe kutoka inchi 15 mpaka 10 na eneo la straiki (pale mpira unapopita ukahesabiwa straiki) lipunguzwe. Nyuma ya Pedro je? Roger Clemens na 3.70. Yaani Pedro kamwacha wa pili karibu rani mbili nzima, kwenye kipindi ambacho watu walikuwa wanapiga homurani kama hawana akili nzuri. ERA+, ambayo inapima mtu dhidi ya ligi yake na viwanja vyake, 100 ikiwa ni wastani, inampa Pedro 291 na Gibson 258. Mi nipo na Pedro, mkitaka kubisha bisheni.

Kingine, orodha zenyewe zinabadilika. Mei 2024 takwimu za Negro Leagues (ligi za Wamarekani weusi enzi za ubaguzi) za 1920 mpaka 1948 ziliingizwa rasmi kwenye rekodi za MLB, yaani besiboli kuu ya Marekani, kwa hiyo mrushaji Satchel Paige ambaye vitabu vya zamani vinampa ushindi 28 sasa kavuka 100. Ukiona vyanzo viwili vinapishana juu yake, cheki kwanza kila kimoja kimeandikwa lini.